Mtungi Uliokuwa na Mkono

Mara ya tatu Mjomba alipotia kidole kinywani mwa mwanangu, nilimng'ata. Sikumsukuma wala sikumwambia amwache mtoto, maana hayo nilikwisha kuyafanya mara ya kwanza na ya pili. Niliushika mkono wake kwa mikono yangu miwili, nikauleta mdomoni, nikafunga meno mpaka nikasikia ladha ya tumbaku. Mjomba wangu, kaka yake mama, mtu ambaye sisi wanawake wa ukoo tunapiga magoti kumwamkia na jina lake hatulitaji, alilia kama mbuzi. Rehema, mwanangu, akacheka. Na alipocheka, wote waliokuwa uani waliona. Ufizi wa chini ulikuwa mtupu. Juu, katikati, palikuwa na kidoa cheupe kama punje ya mtama.

"Kigego," akasema Mjomba, amekumbatia mkono wake. "Nilijua."

Nikamwambia ashukuru aliyemng'ata ni mama mtu, maana yule kigego anayemwogopa ana jino moja tu, nami ninayo yote. Wanawake wakainamisha nyuso, wengine kwa hofu, na mmoja, nilimwona, kwa kicheko. Mjomba akaokota mswaki wake ulioanguka, akasema kesho kutwa yataonekana, akaenda zake.

Lakini si kidole kilichonimaliza. Kilichonimaliza ni mama yangu. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua kunde, na Mjomba alipoinama juu ya mtoto, alisema taratibu bila kuinua macho, "Mwache aangalie, mwanangu. Akishaangalia ataondoka." Sauti hiyo niliwahi kuisikia mahali fulani nikiwa mdogo. Sikukumbuka ni wapi mpaka mama aliponiletea maji nisukutue. Aliyachota kwenye mtungi mpya, na harufu ya udongo uliolowa ikanipanda puani, na mara nikawa mtoto wa miaka saba, nimesimama kwenye ukungu, nikisikiliza mtungi ukilia.

Wenzangu mliokuwa wadogo wakati ule wa vita mnajua maisha ya huku juu Newala. Maji hayakuwapo. Udongo ulimeza mvua yote, na chemchemi zilikuwa bondeni kabisa, chini ya ukingo wa mlima. Wanawake waliteremka alfajiri wakati ukungu umejaa vichakani, wakarudi jua likiwa kali, shingo zimekakamaa. Sisi watoto tulinawa nyuso kwa umande wa majani. Mtu akimwaga maji aliulizwa kwa ukali kuliko aliyepoteza jembe. Nilipewa kibuyu changu kidogo, na siku ya kwanza nilipokifikisha nyumbani kimejaa, bibi yangu alikitazama kwa muda mrefu, akakiweka peke yake juu ya kichaga kama kitu cha kigeni.

Niliishi na Bibi, mama yake mama. Nilipoacha ziwa nilipelekwa kwake kama wajukuu wa kwanza wanavyopelekwa, na mama akabaki kitongoji cha kaka yake, mwendo wa saa nzima kwenye zile njia nyembamba zilizopita katikati ya miti iliyosukana. Bibi aliitwa Somoe. Mama alipojifungua mara ya pili, Mjomba mwenyewe, kwa heshima, alimpa mtoto jina la mama yake. Kwa hiyo nilikuwa na mdogo wangu, Somoe mdogo, ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu, amefunikwa gubigubi mgongoni.

Majira hayo watu wazima walikuwa wakinong'ona habari za maji. Maji yanakuja. Fulani ameshayapata. Mahali fulani watu wamenyunyiziwa. Wakituona wanakatisha maneno. Kwamba ni dawa ya vita, na risasi za Wadachi zitageuka matone, sikuambiwa na mtu. Mimi nilielewa kama ambavyo mtoto yeyote wa huku juu angelielewa: hatimaye maji yamechoka kufuatwa, sasa yanapanda yenyewe. Nilikuwa nikiamka asubuhi natazama njia, nione kama yamefika.

Basi asubuhi moja tulikuwa tunateremka, wanawake kama kumi na mimi nyuma yao na kibuyu changu. Tulipofika njia panda, pale njia ya maji inapoachana na njia ya kwenda kitongoji cha Mjomba, palikuwa na mtungi mkubwa uliovunjika mdomo, umelazwa kwenye majani. Ulikuwa unalia. Si kwa nguvu. Ulilia kama kitu kilicholia sana na sasa kinamalizia. Wanawake wote wakageuza nyuso upande wa pili kwa mpigo mmoja, na aliyekuwa mbele akaanza kuzungumzia mihogo yake kwa sauti kubwa, na wengine wakamwitikia, mihogo, mihogo, mpaka tukapita.

Nilielewa mara moja. Mtungi umevunjika, haushiki maji tena, una kiu. Nami nilikuwa nakwenda palipo na maji.

Wakati wa kupanda nilijichelewesha makusudi. Mtungi ulikuwa umenyamaza. Nikaogopa kwamba umekufa. Nikainama kwenye ule mdomo uliovunjika. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya udongo na kitu kingine, harufu ya maziwa. Nikamimina maji kidogo, polepole, kama Bibi alivyonifundisha kumwagia mche. Mtungi ukakohoa. Halafu kutoka gizani ukatoka mkono mdogo sana, umelowa, ukapapasa hewani, ukashika kidole changu.

Nimesoma mengi tangu siku hiyo. Misheni walinisomesha mpaka darasa la mwisho la shule kubwa, nimeona picha za meli na za malaika. Sijaona tena kitu kama ule mkono. Uliponishika, vichaka vyote viliacha kutikisika. Nilijua kwamba ndiyo yale maji yaliyokuwa yakisemwa, yamefika, nayo yana vidole, na katika watu wote wa huku juu yamenichagua mimi. Nilimimina nusu ya kibuyu. Kisha nikajinasua, nikakimbia.

Bibi alikuwa akitwanga. Alitazama kibuyu kabla ya kunitazama mimi. "Maji mengine yako wapi?"

"Nimeupa mtungi. Ulikuwa unalia."

"Mtungi gani?"

"Wa njia panda. Una mkono, Bibi."

Akauweka mchi chini, taratibu, kama vile ungeweza kupasuka. Alichukua kaniki yake, akasokota ngata ya kichwani, akatoka. Nikamfuata kwa mbio.

Lazima niwaambie wasiojua. Mtoto akitangulia kuota meno ya juu, baadhi ya wazee wetu walisema ni kigego, ataumaliza ukoo. Hawakusema wanamuua. Walisema wanamrudisha njiani. Walimweka ndani ya mtungi mbovu kwenye njia panda, na anayepita hapaswi kusikia. Na Mjomba wakati ule alikuwa amenyunyiziwa dawa ya vita, akashikilia kwamba dawa haikai katika nyumba yenye kigego, kwamba risasi zitampata kwa sababu ya jino la mtoto. Hakuwa mtu mbaya, hilo nalisema ingawa nimemng'ata. Alikuwa mtu mwoga aliyepewa watu wa kuwaamuru, na sijui kitu cha hatari zaidi ya hicho.

Bibi alipiga magoti mbele ya mtungi, akautazama mdomo wake, akaita, "Somoe."

Nikastaajabu. Alikuwa amejiita mwenyewe. Na mtungi ukamwitika.

Nilitegemea amtoe mtoto ambebe mgongoni. Hakumtoa. Alitandika kaniki ndani ya mtungi, akamweka vizuri, akafunika kwa majani kama wanawake wanavyofunika maji yasimwagike, akajitwika. Baadaye sana ndipo nilipoelewa akili ya mzee yule. Mtoto wa mgongoni kila mtu humtazama kinywa. Mwanamke mwenye mtungi kichwani hakuna anayemsimamisha.

Tulishuka mlima. Nilitembea nyuma yake nikiutazama mtungi ukielea juu ya miti, haunesi wala hauinami, na wanaume wenye mikuki waliotukuta njiani walisogea pembeni wakatuamkia, nasi tukaitika. Mmoja aliomba maji ya kunywa. Bibi alimwambia haya ni ya mgonjwa, akaniashiria nimpe ya kibuyu.

Pale Chiungutwa, tulipopumzika, Somoe alianza kulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa akinyonyesha mwanawe alikuja bila kuitwa, akamtoa ndani ya mtungi kana kwamba watoto wote hukaa humo, akampa ziwa. Baada ya kitambo akashtuka. Akamtazama Bibi.

"Ana meno huyu."

"Anayo," akasema Bibi.

Nilimwona yule mwanamke akifikiri. Kisha akamgeuza mtoto, akampa ziwa la pili. Sikumjua jina, na sidhani kama Bibi alimjua.

Bibi alikusudia kwenda misheni Masasi, maana alisikia kwamba watoto wa namna hii hupokewa huko. Tulifika siku ya pili, tukakuta kuta nyeusi. Paa lilikuwa limeanguka ndani, kengele imelala kwenye majivu, na juu yake yale majabali ya Masasi yamesimama, makubwa, ya kijivu, kana kwamba hayakuona lolote. Bibi alisimama pale na mtungi kichwani. Kisha akageuka, akashika njia ya boma la askari, yeye ambaye akisikia neno askari alikuwa akiingia vichakani na kuku wake.

Langoni alisimama askari mwenye makovu mashavuni, mtu wa nchi ya mbali. Akauliza kwa Kiswahili kibovu mtungi una nini.

"Una mtu," akasema Bibi.

Askari akacheka, akaondoa majani, akachungulia. Kicheko kikamwisha. Akaegemeza bunduki ukutani, nadhani bila kujua kwamba ameiacha, akamwambia, "Teremsha, bibi."

"Siteremshi mpaka aje anayeandika. Nimesikia kwenu neno likiandikwa halipotei."

Akasimama hivyo mpaka karani alipoletwa. Hayo niliyaona kwa macho yangu: kikongwe wa Newala, miguu imepasuka kwa njia, amelisimamisha boma zima kwa mtungi mbovu.

Baada ya siku chache Mzungu wa mashauri alifika na kikosi chake. Mama na Mjomba wakaletwa. Mjomba alivaa kanzu safi, akakana kwamba aliwahi kuiona hiyo dawa. Tulikaa kwenye mchanga mbele ya baraza. Karani, mtu wa pwani, akauliza mlalamikaji ni nani.

"Mimi, Somoe."

"Na aliyetupwa?"

"Mimi, Somoe."

Watu wakacheka. Bibi akaeleza kwa utulivu. Mtoto ana jina langu, na aliyempa jina hilo ni mwanangu huyu mliyemsimamisha hapo. Akimtupa huyu amenitupa mimi. Nimekuja kumshtaki mwanangu kwa kunitupa njiani. Karani akafuta kalamu yake kwenye kitambaa, akasema mtu mmoja hawezi kuwa bibi mlalamikaji na papo hapo awe mtoto mchanga. Hakuandika. Niliitazama kalamu ile. Maneno ya Bibi yalipita juu yake kama upepo, nayo haikusogea.

Mzungu akasema, na akida akageuza kwa Kiswahili, kwamba serikali haitaki mtoto atupwe popote kwa sababu yoyote, na anayetupa mtoto atafungwa. Nilipigwa na bumbuwazi. Mtu mwenye macho ya rangi ya ukungu, asiyetujua, amekasirika kwa ajili ya mdogo wangu. Nusura nimpende. Halafu wakamuuliza mama nani alimweka mtoto kwenye mtungi.

"Mimi," akasema mama.

Nani alikuamuru? Mama alimtazama kaka yake, akatazama mchanga. Mjomba alikuwa akitafuna mswaki. Mama akasema kwa ile sauti, ile ile ya kwenye mkeka, "Mimi tu." Karani akachovya kalamu, akaandika. Hilo liliandikwa.

Sheria ile ilikuwa kubwa na nzuri kama jabali, nayo ilimwangukia mama yangu. Alifungwa. Kazi yake ilikuwa kuwachotea maji watu wa boma. Mjomba alirudi nyumbani kabla ya jua kuzama. Na mimi, kwa kuwa hakuna aliyenieleza kitu, nilielewa kwa namna yangu. Mama amefungwa kwa ajili ya ile nusu kibuyu niliyoimwaga. Ndiyo maana anachoteshwa maji. Nikaacha kunywa mbele za watu. Tuliishi na Bibi jirani na boma, misheni ikajengwa upya, tukapokewa mimi na Somoe, Bibi akatufia huko, na katika miaka yote hiyo, hata nilipokwisha kuijua kweli kwa akili, mahali fulani tumboni niliendelea kuamini kwamba ni mimi.

Mama alipotoka kifungoni alirudi kwa kaka yake. Angekwenda kwa nani? Nami nilipoolewa, na mume wangu, Baba Rehema, akaenda pwani kwenye kazi ya mkonge, nilirudi huku kujifungua kwa mama yangu kama desturi. Ndivyo kidole kile kile kilivyokuja kufika kinywani mwa mwanangu.

Kesho kutwa aliyoitaja Mjomba ilipofika, niliamka nikakuta mtungi mlangoni. Mkubwa, umevunjika mdomo, umelazwa na kufutwa vumbi. Alikuwa ameuchagua vizuri.

Nilimfunga Rehema mgongoni. Nikasokota ngata. Mama akatoka ndani akaniona najitwika mtungi, akauliza nakwenda wapi. Nikamjibu kwa ukali, na sikuomba radhi, kwamba nakwenda bomani, na kama anataka kuniambia nimwache aangalie, aniambie sasa nisikie mara moja tu. Alifunga kanga yake, akanifuata nyuma.

Tulipofika njia panda akasimama.

"Ulimpa maji," akasema.

Nikageuka na mtungi wangu kichwani.

"Kile kibuyu. Nilikuwa pale kichakani, nakuona. Nilikaa pale toka alipowekwa. Nilikuwa nangoja nani atasimama, maana mimi mwenyewe nilikatazwa kumgusa tena. Wakapita wote, hata rafiki zangu. Ukasimama wewe."

Upepo wa Newala ulikuwa ukivuma kwenye mdomo wa mtungi, na mtungi ukawa unaguna.

Nikamuuliza kwa nini hakusema kule barazani. Akasema siku zile walikuwa wananyonga wanaume kwa habari ya dawa. Angelitaja jina la kaka yake, wangelimnyonga. "Ni kaka yangu, mwanangu. Kifungo nilikiweza."

"Na sasa?"

Akautazama mtungi, akamtazama mjukuu wake mgongoni kwangu. "Sasa ameleta wa pili," akasema, akapita mbele yangu.

Bomani karani wa sasa ni mwingine, mtu mwenye miwani. Aliniambia mashtaka huandikwa na karani. Nikamwambia haya yameshaandikwa, yeye kazi yake ni kusoma na kuyapeleka, nikampa karatasi. Akageuza karatasi nyuma na mbele, akauliza mwandiko wa nani. Wangu, nikasema. Na nilichoandika ni hiki:

"Kwa Bwana wa mashauri. Mimi, Mama Rehema, ninamshtaki Mchopa, mwana wa Somoe, mjomba wangu. Ameamuru mwanangu arudishwe njiani kwa sababu ya jino, na ameleta mtungi mlangoni pangu. Mtungi huo nimeuleta, uko barazani. Simshtaki kwa hili peke yake. Wakati wa vita aliamuru vilevile mdogo wangu awekwe njia panda, na aliyefungwa ni mama yetu, ambaye hakumwacha mtoto, alikaa kichakani akimlinda. Bibi yetu alikuja hapa kulalamika na maneno yake hayakuandikwa. Sasa yameandikwa: Mimi, Somoe, nimetupwa njiani na mwanangu. Mashahidi wangu ni wawili. Wa kwanza ni huyo Somoe mdogo, yuko darasani misheni, mzima, ana meno yote, na mnaruhusiwa kuyatazama kwa macho, si kwa kidole. Wa pili ni mama yangu. Aliulizwa zamani mbele ya baraza hili nani aliamuru, akajibu, Mimi tu. Amekuja kwa miguu kutoka Newala ili aulizwe tena."